Uhaba wa Risasi Marekani, 2012–2014
Mnamo Desemba 14, 2012, mtu mwenye bunduki aliwaua watoto 20 na watu wazima sita katika shule ya Sandy Hook, Connecticut. Rais Barack Obama alipopendekeza sheria kali zaidi, wenye silaha walifurika madukani, hata Walmart ikamwekea kila mteja kikomo cha pakiti tatu za risasi kwa siku. Seneti iliangusha pendekezo la kupanua uchunguzi wa wanunuzi Aprili 17, 2013, lakini rafu zilibaki tupu. Ajabu ni kwamba iliyoadimika zaidi, hadi 2014, ilikuwa risasi ndogo ya .22, ya kulengea shabaha na kuwindia sungura. Ulizuka uvumi kuwa serikali ilikuwa ikizihodhi risasi. Wakaguzi wa Bunge la Congress walibainisha Januari 2014 kwamba ununuzi wa Wizara ya Usalama wa Ndani ulikuwa umepungua tangu 2009.