Hatua Sabini kwa Sabini

Muulize mkulima yeyote wa Songea ekari ni kiasi gani, hatakutajia mita za mraba. Atakwambia hatua sabini kwa sabini. Mimi naamini kipimo hiki kilitokana na yadi ya Mwingereza. Ekari yake ni yadi za mraba 4,840, na ukihesabu hatua ya mtu mzima kuwa yadi moja, 70 mara 70 ni 4,900. Zimezidi 60 tu, na hakuna bwana shamba atakayegombana nawe kwa hizo.

Nilianza kufundisha hisabati sekondari mwaka 1983, na hadi nastaafu mada iliyonikera na kunifurahisha kuliko zote ilikuwa hii: kumfanya mwanafunzi atambue uhusiano wa mstari ulionyooka na ule unaopinda. Ina historia yake hapa kwetu, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilipita shambani.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Tanganyika ilipanga elimu ya Waafrika upya. Shule ya msingi ikaishia darasa la nne, kisha ikafuata shule ya kati, darasa la tano hadi la nane, kwa wachache waliobahatika. Kwenye wilaya za wakulima shule za kati ziliagizwa ziegemee kilimo. Marehemu baba alisoma huko miaka ya 1950, na hesabu alizozikumbuka hadi uzeeni zilikuwa za uwiano: ratili moja ya tumbaku ni senti kadhaa, ratili arobaini je? Hesabu hizo zilikuwa na kazi yake. Chama kikuu cha ushirika cha Ngoni-Matengo, NGOMAT, kilikuwapo tangu 1936 kikiuza tumbaku ya wakulima, na mzazi aliyemtoa mtoto shambani akampeleka shule alitaka arudi anajua kusoma mizani na stakabadhi.

Lakini kati ya hesabu hizo zilizonyooka kulikuwa na moja iliyopinda, na hakuna aliyewaambia. Ni ile ya vibarua. Mtu mmoja analima shamba kwa siku 24. Wawili watalima kwa siku ngapi? Baba alijibu 12 bila kufikiri. Watatu, 8. Wanne, 6. Tazama vizuri: kibarua wa pili ameokoa siku 12, wa tatu siku 4, wa nne siku 2. Ukiichora, inashuka kwa kasi halafu inalegea, na haigusi sakafu hata uite kijiji kizima. Wanafunzi wa shule za kati waliipatia jibu miaka nenda rudi, wakapewa vema, wakaenda zao. Hawakupewa karatasi ya grafu.

Grafu ilikuja na uhuru, pamoja na hisabati mpya. Mwaka 1962 Wamarekani waliwakutanisha Entebbe walimu na wataalamu kutoka nchi kadhaa za Afrika kuandika vitabu vipya, na Waingereza nao wakatuletea vya kwao. Fanksheni ikaingia darasani kama mishale inayotoka seti moja kwenda nyingine. Wapo wenzangu waliovicheka vitabu vile. Mimi sivicheki, maana humo ndimo mwanafunzi alipoambiwa kwamba uhusiano wowote ni halali alimradi kila kinachoingia kina jibu moja tu, uwe umenyooka au umepinda. Kasoro ni kwamba mishale ile ilielea hewani.

Wakati huohuo, huku kwetu, Litowa ilikuwa inafanya mambo mengine kabisa. Hicho kilikuwa kijiji cha kwanza cha Umoja wa Maendeleo wa Ruvuma, RDA, na watoto wa shule yake walilima na kusoma hata kabla Mwalimu Nyerere hajatoa sera ya Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967. RDA ilivunjwa Septemba 1969, ila shamba la shule likabaki kuwa agizo la nchi nzima. Tusilipambe sana. Katika shule nyingi shamba lilikuwa adhabu: umechelewa, chukua jembe. Mwalimu wa hisabati alikuwa msimamizi wa mistari ya mahindi, basi.

Nilipopata darasa langu mwenyewe nikaona shamba liko pale pale na halifundishi kitu. Nikaanza kuwatoa Kidato cha Pili nje na kamba ya katani na vigingi vinne. Weka mraba wa hatua 10 kila upande, kisha 20, kisha 30, kisha 40. Kundi moja liandike mzingo, jingine liandike eneo. Mzingo unatoka 40, 80, 120, 160. Eneo, 100, 400, 900, 1,600. Sasa toeni: kila namba, ondoa ile iliyoitangulia. Kundi la mzingo linapata 40, 40, 40 na kuchoka mapema. Kundi la eneo linapata 300, 500, 700, na hapo kelele zinaanza, maana wanadhani wamekosea kupima. Mwenye akili nyepesi anatoa tena na kupata 200, 200. Shamba ni lilelile, hatua ni zilezile, ila jedwali moja linaongezeka sawasawa na jingine linaongezeka kwa kuongeza kasi. Hapo ndipo niliporuhusu karatasi ya grafu.

Kisha swali: nusu ekari ni hatua ngapi kwa ngapi?

“Thelathini na tano kwa thelathini na tano, Mwalimu!”

Sikuwa nawajibu. Niliwaacha waipige kamba hiyo 35 kwa 35 ndani ya ile sabini, wagundue wenyewe kwamba zinaingia nne. Wanachoita nusu ni robo. Nusu yenyewe ni 70 kwa 35, au ukitaka mraba, karibu hatua 49 na nusu. Mjini hapa kuna watu wazima waliouziwa robo kwa bei ya nusu kwa hesabu hiyohiyo.

Mfano mwingine niliupata kwenye mahindi. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 Shirika la Usagaji la Taifa, NMC, lilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima. Ukichora bei dhidi ya umbali kutoka Dar es Salaam, unapata mstari uliolala. Chora na gharama ya lori, nayo inapanda kwa kila kilomita, na Songea iko karibu kilomita 1,000. Pengo lililokuwa likipanuka lilibebwa na serikali, na mkoa wetu ukawa ghala la nchi. Bei huria ilipokuja mwishoni mwa miaka ya 1980, ule mstari uliolala ukainama, na wazazi wa wanafunzi wangu waliujua mteremko kabla sijaufundisha.

Mtihani ulikuwa na mambo yake. Baada ya Tanzania kujitoa kwenye baraza la mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, mtihani ukawa wetu wenyewe. Fanksheni zilifundishwa Kidato cha Tatu, na wanafunzi wakajitungia njia ya mkato: ukiona kipeo cha 2 juu ya x, imepinda, usipokiona, imenyooka. Ukiwapa xy = 24, wengi wanasema imenyooka. Ni wale wale vibarua wa baba. Shule za kata zilipoongezeka baada ya 2004, darasa likajaa kiasi kwamba kamba na vigingi havikuwezekana tena, na kwa miaka mingi aliyefaulu hisabati Kidato cha Nne alikuwa karibu mmoja kati ya watano. Sisemi kamba ingewaokoa wote.

Siku hizi walimu vijana wa hapa mjini wanabandika ukutani jedwali la makato ya wakala wa simu. Wanafunzi wanalijua kwa moyo kwa sababu ndio wanaotumwa kutoa pesa. Makato yanatulia, yanaruka, yanatulia tena, kama ngazi. Niliwakuta Kidato cha Tatu wakibishana: kila kipande kimenyooka, sasa iweje grafu nzima isiwe ya mstari? Binti mmoja alikuwa amesimama ubaoni akitoa namba moja baada ya nyingine, na mwalimu wake, kwa busara kabisa, alikuwa amekaa nyuma kimya.