Skwea na Nini?

Neno skwea limezoeleka vinywani mwa mafundi wa Mwanza kiasi kwamba hakuna anayelihesabu kuwa geni. Mjenzi anayepanga msingi Buhongwa anavuta kamba zake kwa tatu, nne, tano: futi 3 upande mmoja, futi 4 upande wa pili, na mshazari ukisoma futi 5 kamili, kona iko skwea. Seremala anakandamiza chombo chake cha herufi L kwenye fremu ya mlango, kisha anachungulia kama mwanga unapita. Mchomeleaji wa mageti anapima mishazari miwili, na ikilingana ndipo anachomelea. Ukiingia karakana ya mashine huko Nyakato, au zile za karibu na bandari ya Mwanza Kusini, unalikuta neno lilelile. Ila humo limebeba mzigo mzito zaidi, na anayetaka kuliandika katika kitabu cha Kiswahili lazima kwanza aupime mzigo huo.

Mtafsiri wa haraka hukimbilia mraba. Mraba ni umbo: pande nne zilizo sawa na kona nne za digrii 90. Ukimwambia mwanafunzi wa chuo cha ufundi cha VETA akifanye kipande cha chuma kiwe mraba, ana haki ya kukata pande zote ziwe na urefu mmoja. Kumbe kipande kinachotakiwa kinaweza kuwa na urefu wa milimita 120, upana wa 60 na unene wa 40, kisiwe na hata uso mmoja ulio mraba, na bado kikawa skwea kabisa. Skwea ya karakana ni uhusiano wa uso na uso. Kijana akiuliza, "Mzee, hii iko skwea?" fundi mzoefu hajibu ndiyo wala hapana. Anamrudishia swali: "Skwea na nini, mwanangu?"

Swali hilo ndilo kiini cha istilahi yenyewe. Katika hisabati ya shule ya msingi umbo tunalolitafuta lina jina zuri, mche mstatili: nyuso sita, kila uso ukiwa bapa, nyuso zinazotazamana zikiwa sambamba, na nyuso zinazopakana zikikutana kwa pembemraba. Kupiga skwea ni kulichukua donge la chuma lililokatwa kwa gesi au kwa grainda, lenye kingo zilizoyeyuka na migongo iliyopinda, na kulifikisha kwenye mche huo. Mpangilio wa kazi nao una sababu. Ubapa hutangulia, kwa kuwa pembe haipimiki kutoka kwenye uso uliobonyea. Unapopata uso mmoja ulio bapa, unaufanya mama wa nyuso nyingine, na kila uso unaofuata unamjibu huyo.

Mashine inayofanya kazi hiyo nayo imeponzwa na tafsiri. Kwa kuwa Kiingereza hutumia neno moja kwa kinu cha unga na kwa mashine hii, wapo walioiita mashine ya kusaga, na mkazi yeyote wa Mwanza akisikia hivyo anawaza mahindi. Mafundi wenyewe husema milingi, na kitendo chake wanakiita kuchonga, kama mteja asemavyo amechongesha shafti au bushi. Naona kuchonga ni neno sahihi kabisa, na linatosha. Tofauti na mashine ya kukereza ni moja, na ni kubwa: kwenye kukereza kipande kinazunguka na kisu kimetulia, kwenye milingi kikatio kinazunguka na kipande kimeshikwa juu ya meza inayosogea. Usahihi wote unategemea jinsi kipande kilivyoshikwa.

Kwa nini jambo hili liwe na uzito hapa kando ya ziwa? Chukua karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu inayotumiwa na wachimbaji wadogo mkoani Geita. Shafti yake imelala juu ya beringi mbili, kila moja katika kitako chake. Kitako kimoja kikiwa na kiti kilichopinda kwa nusu digrii, kwenye urefu wa milimita 200 hiyo ni tofauti ya karibu milimita 1.7. Bolti zikikazwa, kitako kinaivuta shafti pembeni, beringi inachemka, grisi inayeyuka na kutoka, na mwenye mashine anarudi mjini kununua beringi mpya akidhani ile ya kwanza ilikuwa feki. Hali ni ileile kwa kitako cha injini ya boti, kwa mashine ya kuchambua pamba, kwa kinu cha mafuta ya alizeti. Beringi inalaumiwa sana kwa makosa ya uso ulio chini yake.

Kishikio kinachobeba kazi hii kina jina la Kiswahili la siku nyingi, jiliwa, ingawa karakanani utasikia zaidi vaisi. Jiliwa la benchi, lile la kushikia kazi ya tupa na msumeno, linatosheka na nguvu. La milingi linadaiwa nguvu na ukweli pia. Lina mataya mawili, na hapa mtafsiri anahitaji kuwa makini, maana mataya hayo hayana cheo sawa. Moja limefungwa moja kwa moja kwenye mwili wa jiliwa. Nitaliita taya tuli. Lingine linasukumwa na skrubu. Hilo ni taya tembezi. Taya tuli ndilo linaloamua pembe. Taya tembezi kazi yake ni kusukuma tu, na haliaminiki, kwa sababu iliyomo ndani ya umbo lake. Ili lisogee lazima njia yake iwe na uwazi kidogo. Skrubu inalisukuma kwa chini, kipande kinalipinga kwa juu, basi linapokaza linalalia nyuma na mdomo wake unainuka. Likiinuka, linakiinua kipande nacho. Ndiyo maana fundi akishakaza hukigonga kipande kwa nyundo ya plastiki au ya shaba mpaka kikae, na hakazi tena baada ya kugonga.

Kabla ya kipande chochote, jiliwa lenyewe linapangwa mezani. Meza inafutwa, kitako cha jiliwa kinafutwa, na kiganja kinapitishwa pote, kwani kidole huhisi chembe ambayo jicho limeikosa. Chembe moja ya chuma chini ya kona inatosha kuliinamisha jiliwa zima. Bolti zinaingizwa kwenye mifereji ya T. Ya upande mmoja inakazwa kiasi, ya upande wa pili inaachwa ikishika tu. Kisha inafungwa kwenye spindo, yaani mhimili unaozungusha kikatio, geji ile yenye uso wa saa, ambayo mshale wake unasoma sehemu ya mia ya milimita, na ncha yake inaegemezwa kwenye taya tuli. Fundi anaisogeza meza taratibu kutoka mwisho mmoja wa taya hadi mwingine, macho kwenye mshale. Ukisogea mistari ishirini, taya limepinda milimita 0.20 katika urefu huo. Analigonga jiliwa kidogo upande wa bolti iliyolegea, anarudia safari, anagonga tena. Mshale ukitulia anakaza bolti zote mbili, halafu anapitisha geji mara nyingine. Safari hiyo ya mwisho haina mbadala, kwa sababu kukaza kwenyewe hulisogeza jiliwa, na wengi huiruka wakiwa na haraka ya mteja aliyesimama mlangoni.

Upo mpango mwingine wa juu zaidi ya huo. Milingi nyingi za wima zina kichwa kinachoinama kushoto na kulia ili kuchonga nyuso zilizoinama. Kichwa kilichoachwa kimeinama kidogo, baada ya kazi ya jana, hakitachonga uso bapa. Kitaacha ngazi kati ya njia moja ya kikatio na ya pili, au uso ulioliwa katikati. Geji inafungwa kwenye spindo kwa mkono mrefu na kuzungushwa kwa duara juu ya meza. Mshale ukisoma namba ileile kushoto, kulia, mbele na nyuma, spindo imesimama wima juu ya meza. Anayepiga skwea kipande bila kukagua kichwa analibebesha jiliwa lawama isiyo yake.

Sasa kipande. Chagua uso mkubwa uwe wa kwanza kuchongwa, na uso wake wa ubavu ulio nafuu uelekee taya tuli. Upande wa taya tembezi weka rodi ya duara ya alumini, imelala kwa urefu katikati ya kimo kinachoshikwa. Rodi hii ndogo ndiyo siri ya kazi nzima. Bila rodi, taya tembezi lingekutana na uso mbovu wa upande wake na kukilazimisha kipande, nacho kingeachana na taya tuli bila mtu kuona. Rodi inagusa kwa mstari mmoja tu, haina uwezo wa kukipindisha, kwa hiyo inakibandika kipande chote kwenye taya tuli.

Chonga uso wa kwanza. Kitoe kipande, upige tupa kingo kuondoa vijimeno, ufute jiliwa. Uso huo mpya sasa unaegemea taya tuli, rodi inabaki upande wa pili, unachonga uso wa pili. Tayari una pembemraba ya kwanza, nayo imetokana na taya tuli, wala haikutokana na macho yako. Kisha geuza juu chini: uso wa kwanza ubaki kwenye taya tuli, wa pili ulale juu ya vyuma sambamba, yaani vyuma viwili vya kimo kimoja vinavyokiinua kipande ndani ya jiliwa, kaza na rodi, gonga, chonga wa tatu. Wa nne ni mwepesi: uso wa kwanza unakwenda chini, wa pili na wa tatu zinashikwa na mataya. Nyuso hizo mbili zimeshakuwa sambamba, kwa hiyo rodi inaondoka.

Mafundi wana jaribio la karatasi ninalolipenda kwa unyofu wake. Kabla ya kukaza, unatanguliza vipande vya karatasi ya fotokopi, ambayo unene wake ni karibu milimita 0.1, chini ya kila pembe ya kipande, juu ya vyuma sambamba. Ukishagonga, unavuta kila karatasi. Zikikataa zote, kipande kimekaa. Moja ikichomoka, pembe hiyo inaelea, na uso utakaochonga utakuwa na kosa ambalo maikromita italitaja baadaye, kipande kikiwa kimeshapungua.

Kwa upande wa istilahi, basi, ningeiacha skwea ilivyo kwa jina la hali na la chombo, na kupiga skwea kwa jina la kazi. Kiswahili kina desturi ya kuipa hali jina la chombo kinachoithibitisha. Ukuta husemwa uko timazi, na hakuna aliyelalamika. Pembemraba ibaki kwa pembe yenyewe ya digrii 90. Ule uso wa kwanza, mama wa wengine, uitwe uso wa msingi. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), lililoanzishwa mwaka 1967, limesanifisha maneno ya nyanja nyingi, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Karakana inastahili uangalizi kama huo, na wa kuulizwa kwanza ni wale wanaoshika spana.

Ziwa hili lina ushahidi wa kile skwea inachowezesha. MV Victoria, iliyowabeba watu kwa miongo mingi kati ya Mwanza na Bukoba, ilitengenezwa Scotland, ikasafirishwa vipande vipande na kuunganishwa upya Kisumu, ikaanza kazi mwaka 1961. Vipande vya namna hiyo hukubaliana ng'ambo ya bahari kwa kuwa mikono tofauti ilipima kutoka kwenye nyuso na mistari ya msingi iliyokubaliwa.

Turudi kwenye kipande chetu jiliwani: zimebaki ncha zake mbili, nazo zina taabu yake. Kikiwa kifupi unakisimamisha wima kwenye jiliwa, unaegemeza skwea ya mkononi juu ya vyuma sambamba, unakigonga mpaka mwanga upotee kati yake na ubavu wa kipande, ndipo unakaza. Kikiwa kirefu unakilaza, unaiacha ncha itokeze nje ya mataya, na unaichonga kwa ubavu wa kikatio. Njia ya kwanza inategemea skwea ya mkononi, na skwea iliyoanguka sakafuni mara moja haiaminiki mpaka ijaribiwe. Jaribio lake halihitaji fedha. Tafuta bamba lenye ukingo mnyoofu, egemeza skwea, chora mstari mwembamba kwa msumari mkali. Igeuze skwea itazame upande wa pili, uchore mstari mwingine kutoka nukta ileile. Mistari ikilaliana, skwea ni ya kweli. Ikiachana kadiri inavyopanda, gawa mwachano huo kwa mbili: nusu yake ndiyo kosa la skwea kwenye kimo hicho.