Mulango wa serkle

Tukiandika juu ya desturi za muji wetu, tunazoea kuanza na ndoa, kilio na ngoma. Serkle pia ni desturi, hata kama ililetwa na bazungu, na kivuli chake kingali hapa.

Elisabethville ilianzishwa mwaka 1910. Jina la Lubumbashi lilikuja mu 1966. Wakati wa Babeleji muji ulikatwa mara mbili: huku bazungu, kule batu beusi, sawa cité Albert, njo Kamalondo ya leo. Katikati baliacha nafasi tupu. Usiku mutu mweusi bila karatasi ya ruhusa hakuweza kutembea upande wa bazungu. Ile ilikuwa sheria ya Leta, kila mutu aliijua.

Serkle ilikuwa kitu kingine. Ni nyumba ya benyewe: banalipa muchango, banacheza karata na tenisi, banakunywa, na benyewe njo banachagua nani ataingia. Haikuhitaji sheria. Lakini tusisahau, mutu mweusi aliingia kila siku, kwa mulango wa jikoni! Mupishi, boyi wa kuleta glasi, mutoto wa kuokota mipira: hawa balijua ile nyumba kupita bamemba bengi. Kukaa ku kiti tu njo kulikatazwa. Hata kati ya bazungu, Bagriki na Baitalia habakuhesabiwa sawa na Babeleji, nabo bakakutana pao.

Nyuma ya vita, bakarani na balimu balianza kuuliza: tumesoma, tunabakia inje juu ya nini? Leta ikatoa karte ya mérite civique mu 1948, kisha imatrikulasio mu 1952. Kuipata haikuwa muchezo. Balikuja mpaka ndani ya nyumba kuangalia kitanda, bibi, na kama munakula na uma. Patrice Lumumba, karani wa posta kule Stanleyville (Kisangani), aliipata mu 1954, nyuma ya kukataliwa kwanza. Mpaka 1958, mu inchi muzima, bale balioipata balipita 200 kidogo tu. Na karte haikufungua serkle. Karatasi ilisema uko sawa na Mubeleji. Benye nyumba balisema hii ni nyumba yetu.

Basi bazee bakatengeneza yabo. Kulikuwa serkle za baevolue, na vitabu na mazungumzo, mara mingi chini ya macho ya bapadri ao Leta. Mu 1939 Babenedikto balianzisha FC Saint-Georges ya vijana beusi, njo Mazembe yetu. Lakini zenye nguvu kabisa zilikuwa association za kabila: kuuguza mugonjwa, kuzika, kupokea mugeni aliyetoka ku mugini.

Hapa njo tunapenda kusimama. Mu Desemba 1957 batu beusi balichagua bourgmestre mara ya kwanza mu Elisabethville, na benye kushinda mu mitaa yabo bengi balitoka inje ya Katanga. Mwaka uliofuata, mu Oktoba, Conakat ikazaliwa. Jina lake lenyewe ni umoja wa association za kabila za Katanga. Ile mulango tuliyochukia kwa muzungu, tukaifunga siye benyewe, kwa jirani. Mu 1992 na 1993 maelfu ya Bakasai, bengi bazaliwa ba hapa hapa, balilala ku gare ya Likasi na ya Kolwezi pamoja na batoto na magodoro, banangojea treni ya kubapeleka mu inchi ambayo batoto habajaiona hata siku moja.