Daftari la mkulima likipita ofisi nyingi, nani analinda siri?

Msikilizaji wetu wa Mamba na Katavi yote, tangu msimu wa 2022/2023 wakulima wanaandikishwa kijijini ili wapate mbolea ya ruzuku. Taarifa zao huanzia kijijini, huingia kwenye mfumo wa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA), kisha wakala huzihakiki dukani. Na anayekopa kupitia chama cha msingi, yaani AMCOS, taarifa zake hufika benki pia.

Shida ni kwamba kila ofisi ina kanuni zake. Benki haitoi deni la mteja kwa mtu mwingine. Kwenye chama, wanachama wanataka kujua fedha zao zinakwendaje. Tuseme katibu amebandika ukutani orodha ya wadaiwa, pamoja na namba za simu. Chama kitasema huo ni uwazi, benki itasema siri imevuja. Wakati wanabishana, tapeli ameshapiga picha. Jioni anampigia mkulima, anamtajia deni lake mpaka shilingi ya mwisho. Nani hataamini kwamba anaongea na benki?

Dawa ni kukubaliana kwa maandishi kabla ya kupeana taarifa: zipi zitolewe, kwa kazi gani, nani azione, zikae muda gani, na zikivuja nani awaambie wakulima. Kanuni zikipishana, ifuatwe ile yenye ulinzi mkubwa zaidi. Kwa mfano, mkutanoni isomwe jumla ya deni la chama, na kila mtu aoneshwe deni lake peke yake. Waliodhaminiana waoneshane wao kwa wao, si kijiji kizima.

Tena, hakuna makubaliano yanayoruhusiwa kwenda chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Sheria hiyo inataka uelezwe sababu ya kuchukuliwa taarifa zako, na inakupa haki ya kuziona na kuomba zirekebishwe. Usiporidhika, unaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kwa hiyo ukiandikishwa, uliza: "Hizi zinakwenda kwa nani mwingine?" Na ukipigiwa simu kuhusu deni, usitaje namba ya siri. Kata, kisha nenda ofisini mwenyewe.