Maiki ya mkononi, malori ya Mikumi na wazee wa Kilosa

Group yetu ya historia imepata ubishi wa maana. Tunajiandaa kwenda kurekodi video za wazee wa Kilosa walioshuhudia Mto Mkondoa ukivunja tuta na kuingia mjini, Desemba 2009 na Januari 2010. Maji yale yalisomba nyumba, yakang'oa hadi reli. Tukitoka hapo tunashuka Mikumi kuongea na watu wa barabarani. Ubishi ni huu: tununue maiki gani?

Wengi wanataka zile ndogo za kubana kwenye kola. Mimi nasema ya kushika mkononi, na ushahidi wangu ni wa kihistoria.

Maiki za kaboni za simu zilianza miaka ya 1870, na zilikoroma vibaya. Mwaka 1916 E. C. Wente wa Marekani akatengeneza ya kondensa: sauti safi, lakini inataka umeme wake na unyevu unaisumbua. Mapinduzi kwa watu wa porini yalikuja mwaka 1931 na maiki ya koili na sumaku, ile tunayoita dainamiki. Haidai betri, na ukiidondosha kuna uwezekano mkubwa itafufuka.

Halafu kuna Hugh Tracey. Huyu bwana alizunguka Afrika kurekodi muziki, na mwaka 1950 alipita Tanganyika. Alipenda kuishika maiki mwenyewe na kuisogeza karibu na mwimbaji au ala, badala ya kuisimamisha mbali. Yaani mkono wake ndio ulichagua nini kisikike. Somo lenyewe ndilo hilo!

Hesabu yake ni rahisi. Ukipunguza nusu ya umbali kati ya mdomo na maiki, sauti ya mzee inapanda kama desibeli 6, wakati lori la barabarani linabaki pale pale. Maiki ya kola inakaa sentimita 20 hivi kutoka mdomoni, na khanga inaikwaruza. Ya mkononi unaileta hadi sentimita 7. Mikumi hiyo tofauti ni kubwa, maana barabara ya kwenda Iringa, Mbeya hadi Zambia inakata katikati ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, halafu inapita mjini. Malori hayalali pale.

Sasa ipi? Kuna njia mbili. Shure SM58 ya mwaka 1966 inasikia zaidi mbele na kupuuza nyuma. Inafaa stendi, ukiipa lori kisogo. Ila lazima uielekeze sawasawa, na ukiisogeza mno mdomoni besi inavimba. Electro-Voice 635A, nayo ya miaka ya 1960, inasikia pande zote. Inavumilia upepo na mkono unaotetemeka, na mzee akigeuza uso kuonyesha maji yalipofika, hapotei. Waandishi wa habari waliipenda kwa sababu hiyo.

Kwa Kilosa, uani kwa mzee, nachagua ya pande zote. Kwa stendi ya Mikumi, ya upande mmoja. Kama boom inatosha moja tu, basi ya pande zote, ikae karibu. Ongeza sponji, kifaa cha kuunganisha na simu, na hedifoni zivaliwe muda wote. Mwenye kuuliza ndiye ashike maiki, asimwachie mzee.

Picha ikitikisika tutaelewa. Lakini bibi akitaja jina la mtoto aliyechukuliwa na maji, na honi ikalifunika, jina hilo haliandikiki. Na wale wazee miaka inawaendea, hatuwezi kurudi kila muhula kumuuliza tena.

Kwa leo niishie hapo, kesho kuna semina ya saa mbili asubuhi.