Bei ya Kukaa Karibu

Tarehe 1 Juni 1994, New York Knicks waliingia robo ya nne wakiwa mbele kwa pointi 12 dhidi ya Indiana Pacers, nyumbani kwao Madison Square Garden, katika mchezo wa tano wa fainali ya kanda ya mashariki ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Kando kabisa ya mstari alikaa mwongozaji filamu Spike Lee, mdomo haufungi, akimchokoza Reggie Miller wa Pacers. Miller akafunga pointi 25 katika robo hiyo moja, na kila alipofunga hakumtazama kocha wala beki aliyemkaba, alimgeukia Lee. Ikafika mahali akajishika koo kumwonyesha Lee kwamba Knicks wamekabwa na woga. Pacers walishinda 93 kwa 86, na kesho yake magazeti ya New York yalimbebesha lawama mtu ambaye hakuwa amegusa mpira.

Lawama hiyo ilikuwa ya kuchekesha, lakini si ya kipuuzi. Katika uwanja wa NBA, kona ambako wapigaji wa pointi tatu hujipanga ina upana wa sentimita 91 tu kati ya mstari wa kupigia na mstari wa pembeni. Mchezaji akisimama hapo, visigino vyake viko hatua moja na magoti ya aliyekaa mbele. Anayeangalia kutoka juu huona umbo la mchezo: nani kaachwa peke yake, pengo linafunguka wapi. Wa kando huona kidogo kuliko anavyodhani, maana nusu ya muda mwamuzi amemziba. Analolipia ni sauti: viatu vikilia sakafuni, wachezaji wakionyana kuhusu adui anayewanyemelea mgongoni, vijembe ambavyo televisheni haivinasi. Zamani sehemu hiyo ilikuwa na meza za waandishi wa habari. Wamepandishwa juu, nafasi ikauzwa. Mwigizaji Jack Nicholson, aliyeanza kukaa mbele kwenye michezo ya Lakers miaka ya 1970, aligeuka sehemu ya mandhari hata kamera zikawa zinamtafuta mpira uliposimama.

Sasa nenda Tokyo, kwenye ukumbi wa sumo wa Ryogoku Kokugikan. Duara la kupigania lina kipenyo cha mita 4.55, juu ya jukwaa la udongo lisilo na uzio wala kamba. Watazamaji wa safu za mbele huketi sakafuni juu ya mito, pamoja na waamuzi waliovaa mavazi meusi na wanamieleka wanaosubiri zamu yao. Mtu wa kilo 160 akisukumwa nje, huwaangukia. Ndiyo maana watoto walio chini ya miaka 16 hawaruhusiwi kukaa hapo. Hairuhusiwi pia kula, kunywa wala kupiga picha, ingawa safu za nyuma watu wanajilia na kunywa bia kwa raha zao. Yaani kadiri unavyosogea ndivyo haki zako zinavyopungua. Kule Marekani mambo ni kinyume: aliye karibu ndiye huhudumiwa kinywaji kitini. Sitaki kuwapamba Wajapani kupita kiasi. Heshima hiyohiyo ya ulingo ndiyo iliyofanya mwaka 2018, mjini Maizuru, wanawake waliokuwa wakimpa meya huduma ya kwanza watangaziwe washuke jukwaani kwa sababu ni wanawake. Na bingwa mkuu akiangushwa na wa daraja la chini, mito huruka ukumbi mzima, katazo au hakuna katazo.

Ulaya nako walipita huko. Paris, mabwana wenye fedha waliketi juu ya jukwaa lenyewe la ukumbi wa maigizo wa Comédie-Française, waigizaji wakijipenyeza kati yao, hadi mwaka 1759 bwana mmoja, Lauraguais, alipotoa fedha zake ili viti hivyo viondolewe.

Taarabu ya Unguja ina suluhisho ambalo mimi huliona la busara zaidi, kwa kuwa haimpi mtu ukaribu wa kudumu. Anayetaka kumfikia mwimbaji huinuka, hucheza polepole hadi mbele akiwa na noti mkononi, hutunza, hurudi kitini. Safari hiyo fupi haina siri hata kidogo. Ukumbi mzima unasikia ni ubeti gani uliomwinua, na wenye kujua ugomvi wa mtaa wanajua fumbo limempata nani. Lee alimtupia Miller maneno akiwa amekaa, kwa tiketi ya msimu. Mtunzaji hulipa papo hapo, kwa miguu yake, na aliyelengwa akiwa na lake naye huinuka kutunza ubeti mwingine.

NBA imelazimika kutoa adhabu baada ya mambo kuharibika. Katika fainali za 2019, Kyle Lowry wa Toronto Raptors alirukia mpira akaangukia viti vya mbele, na mmoja wa wenye hisa wa Golden State Warriors akamsukuma. Mwenye hisa huyo alifungiwa mwaka mzima na kutozwa dola 500,000. Katika sumo mchezaji akikuangukia, umepata ulichokifuata.

Ligi ya kikapu ya Afrika, BAL, iliyoanza Kigali mwaka 2021, imeuchukua mpangilio wa Marekani pamoja na viti vyake vya kando. Lakini kwetu mstari wa mbele una mwenyewe tangu zamani: mgeni rasmi. Rais Paul Kagame wa Rwanda, mpenzi wa kweli wa kikapu, huonekana hapo mara kwa mara, na wakubwa wengine pembeni yake. Mchezaji wa Petro de Luanda, timu ya Angola, anayetaka kumjibu mtu wa kiti cha mbele kwa kujishika koo itabidi kwanza aulize huyo ni nani.