Mikro na mdomo: safari ya karibu miaka 100

Mama anayetafuta mtoto wake kwa video hutegemea sauti kuliko picha. Upepo, au mvua juu ya turubai, ukifunika jina la mtoto na la kijiji, nani atamtambua? Shida hiyo si ya leo. Watengenezaji wa filamu waliikuta zamani.

Mwaka 1927, filamu The Jazz Singer ilipotoka Marekani, watu walisikia waigizaji wakiongea. Lakini katika filamu za miaka ile mikro ilikaa mahali pamoja, mara nyingi imefichwa nyuma ya maua au viti. Kamera nazo zilikuwa na kelele nyingi hata zikafungiwa ndani ya vibanda. Mwigizaji akigeuka tu, neno lake lilipotea.

Mwaka 1929, inasimuliwa kwamba mwongozaji Dorothy Arzner, akitengeneza The Wild Party, aliagiza mikro ifungwe kwenye fimbo ya kuvulia samaki, imfuate Clara Bow kila alikokwenda. Baadaye fimbo ndefu yenye mikro juu ya vichwa ikawa kifaa cha kawaida.

Mwaka 1962, Gerhard Sessler na James West wa maabara ya Bell walivumbua mikro aina ya elektreti: ndogo, ya bei nafuu. Ndiyo ikaingia katika mikro nyingi za kubana kwenye shati.

Hesabu haijabadilika: umbali ukizidi mara mbili, nguvu ya sauti ya msemaji inabaki robo, lakini kelele ya pembeni haipungui. Kwa hiyo shahidi aliyeketi anafaa mikro ya kubana, kama kiganja kimoja chini ya kidevu. Penye umati na mvua, ile ya mkononi ya waandishi wa radio hufaa zaidi, karibu na mdomo. Ya fimbo hufaa nje, ikivishwa kinga ya upepo. Ndani ya chumba cha mabati huokota mwangwi.

Na asiye na mikro? Simu ya pili irekodi sauti, imewekwa kifuani pa msemaji. Kabla ya kuanza, mtu apige kofi moja mbele ya kamera; kwa kofi hilo, sauti na picha zitaunganishwa baadaye.